Watu Thelathini na Saba katika Ndege ya Viti Viwili

Mpaka leo kuna watu Mbarara watakaokuapia kwamba ndege kubwa ya abiria ilianguka Nakivale ikaua watu thelathini na saba. Usibishane nao. Redio ilisema, na redio ikishasema, wewe uliyeona kwa macho yako mawili ndiye mwongo. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa chini ya bawa la hiyo ndege, nakaanga mandazi. Ilikuwa na viti viwili tu, na kimoja kilikaliwa na begi la nguo.

Na ile orodha ya marehemu thelathini na saba, mwandiko ulikuwa wangu.

Usinitukane bado. Kwanza nikueleze habari za mama yangu na orodha, la sivyo utaniona mwendawazimu, na mimi si mwendawazimu, nina hasira tu.

Tulitoka Kivu ya Kusini katika vita vya tisini na sita, watu watatu: baba, mama na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na mbili na mdomo wa miaka arobaini. Baba alikuwa mrefu, mlango wa kanisa aliuinamia, lakini miguu yake ilikuwa midogo ajabu. Mama alimtania kila Jumapili kwamba ana miguu ya bibi harusi. Siku ya kukimbia alivaa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, kwa sababu, alisema, hakununua viatu vya ngozi ili askari wavivae. Siku ya pili kamba ya kiatu kimoja ikakatika. Mama akachana upindo wa kitenge chake cha njano, akamfungia. Siku ya tatu risasi zikalia mbele na nyuma, umati ukapasuka, sisi tukakimbilia upande huu wa kilima na baba upande ule. Hatukumwona tena.

Sasa, kwetu mtu ambaye hajaliliwa hajafa. Na kama maiti yake haijaonekana, yule anayeanza kumlilia ndiye anayehesabiwa kuwa amemuua. Mama aliamini jambo hilo kuliko alivyoamini Matendo ya Mitume. Baba zangu wadogo, waliobaki nyumbani, walituma ujumbe mara mbili kuomba ruhusa ya kufanya matanga. Mama akawajibu kwamba yeyote atakayewasha moto wa kilio cha bwana yake, atakuja kuuzima yeye mwenyewe kwa maji ya kuoshea vyombo.

Tulizunguka miaka, fasi hii na ile, mpaka tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tukapewa kiwanja kijiji cha Kashojwa. Nakivale ni mahali pa orodha. Orodha ya mablanketi, ya majembe, ya vyandarua, ya mbegu, ya sabuni. Mtu mzima wa Nakivale akiona kalamu nje ya shule, anaikimbilia. Anaandikwa kwanza, anauliza baadaye. Na haandikishi mtu mmoja, anaandikisha ukoo, kwa sababu hakuna aliyewahi kujuta kuandikwa, ila wengi wamejuta kutoandikwa.

Mama yeye alikuwa na desturi yake: katika kila orodha, baba kwanza. Chandarua, baba. Mbegu za maharage, baba. Alimwandikisha hata kwenye kikundi cha kina mama cha ushonaji, na kile kikundi kikamngoja wiki tatu, cherehani limewekwa pembeni. Nilimwambia, "Mama, unatuaibisha." Akasema, "Siku akifika, asikute tulimusahau."

Kulikuwa na shemasi mmoja wa kanisa letu, aliyefiwa na mke, mwenye baiskeli nzuri na meno yake yote. Alikuja kumposa mama kwa heshima, na mkungu wa ndizi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwambia, "Ngoja bwana yangu akuje, tumuulize." Shemasi akaondoka, mkungu ukabaki. Mama alikuwa mke asiye na mume na mjane asiye na kaburi, na kati ya hayo mawili alikataa kuchagua. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na kuachika, au niseme ukweli, nimeshamtupia mtu nguo zake nje, nikarudi kukaa na mama. Ndiyo maana najua alivyokuwa akifagia njia ya mlangoni kila asubuhi, sehemu ileile, mpaka ikawa shimo.

Basi, ndege.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kiangazi. Tulisikia mlio kama wa bodaboda iliyotiwa maji kwenye petroli. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa. Tukatoka nje. Ikapita juu ya mabati yetu, na nilidhani macho yangu yameharibika, kwa sababu ilikuwa na mabawa mawili upande huu na mawili upande ule, moja juu ya jingine, kama kitanda cha bweni. Kichwa cha mtu kilikuwa nje. Nje kabisa, kinapigwa na upepo! Ikaelekea kwenye malisho upande wa ziwa. Ng'ombe wa watu, wale wa pembe ndefu, walitawanyika. Ikagusa chini vizuri, wallahi ningempigia makofi, kisha gurudumu likakuta kichuguu. Ndege ikainua mkia, ikasimama kwa pua, ikafikiri kidogo, ikarudi chini ikalala kiubavu. Pangaboi lake lilikuwa la mbao. Likavunjika.

Tulipofika, rubani alikuwa ameshashuka mwenyewe. Mzungu mzee, mzee kweli, uso mweusi kwa oili, ila alipovua miwani akabaki na duara mbili nyeupe. Alikuwa na mchubuko puani. Alitazama saa yake, akatuambia "Jambo," kisha akaanza kuipapasa ndege yake na kuisemesha kwa sauti ya chini. Shemasi alikuwa pale na Kiingereza chake cha Biblia, akatutafsiria: ile ndege ilitengenezwa kabla huyu mzee hajazaliwa. Walikuwa yeye na wenzake kadhaa, kila mmoja na mkweche wake, wanakatiza Afrika kwa starehe tu. Wenzake walikuwa wametangulia.

"Kwa starehe," mama akasema. "Sisi tulikatiza kwa miguu, hakuna aliyetuambia ni starehe."

Kingine: ile ndege ilikuwa ya kitambaa! Mbao ndani, kitambaa juu, kimepakwa rangi. Mbuzi walikuwa wameshagundua. Walipofukuzwa, bawa la chini lilikuwa na tundu la kupitisha sufuria.

Sasa umati umejaa, jua linachoma, na mimi ni mtu wa biashara. Nikakimbia nyumbani, nikarudi na jiko la mkaa, karai, mafuta na unga uliokwisha kuumuka. Kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya bawa. Nikatandika hapo. Wateja wakapanga foleni. Nilisikia harufu ya petroli, ndiyo, lakini nani asiyejua kwamba ndege inanuka petroli? Ilikuwa inadondoka, tone, tone, hatua mbili kutoka kwenye jiko langu. Nilidhani inatoa jasho.

Yule mzee, ambaye kuanguka kutoka mbinguni hakukumtisha, aliliona jiko langu akapiga ukelele ambao sijausikia tena. Alikuja mbio, miaka yake yote na magoti yake yote, akapiga teke karai. Mafuta yakanimwagikia mguu wa kushoto.

Ee, nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kifuliru cha nyumbani, nikamalizia kwa Kinyankore nilichojifunza nikinunua unga Mbarara. Nilimrushia mandazi mawili, moja likampata. Yeye huku anamwaga mchanga juu ya makaa na kunionyesha yale matone. Shemasi akanieleza. Hapo nikaketi chini. Ningeunguza watu, ng'ombe, ndege na mama yangu, kwa ajili ya mandazi. Mzungu akanifunga mguu kwa skafu yake ya shingoni.

Huyo basi ndiye majeruhi wa ajali ile: mimi, na aliyeniumiza si ndege, ni karai.

Polisi akaja kwa pikipiki, akatufokea. "Nyinyi bantu! Rudi nyuma! Hii kitu iko ya serikali!" Hakuna kitu cha serikali pale, ila alishavuta kamba kuzunguka. Akamchukua mzungu kwenda Mbarara kutoa maelezo. Ndege ikabaki na sisi. Vipande vya pangaboi vilipotea ndani ya saa moja, na jirani yetu mmoja anasonga ugali kwa mwiko wa mbao nzuri ya mti usioota huku kwetu.

Saa nane hivi ndipo mwandishi wa redio alipofika kutoka Mbarara, kijana wa tai, vumbi mpaka kwenye kope. Amechelewa, rubani hayupo, betri ya simu yake imebaki kidogo. Akasikia najua Kinyankore, akaninasa. Tukachanganya Kinyankore na Kiswahili chake cha askari.

"Nyabo," akaniita, yaani bibie, "mimi nataka majina. Ya bantu ya hii ajali."

Alitoa daftari. Alitoa kalamu.

Ningemwambia nini? Kabla sijafungua mdomo, foleni imeshajipanga yenyewe nyuma yangu, wanawake mbele, wenye watoto mgongoni kwanza, kama siku ya mgao. Mtu akaleta kiti. Nakuambia ukweli, kile kiti ndicho kilichoniponza. Miaka yote ile Nakivale nilikuwa nimesimama upande wa foleni. Sijawahi kukaa upande wa kalamu. Mguu unawaka moto, watu wananiita "madamu". Nikakaa. Nikaandika.

Nilijua ni ujinga. Nilijua anataka walioumia, na hakuna aliyeumia zaidi yangu. Lakini nilijiambia redio itasema tu hawa ndio walioona, na watafurahi kusikia majina yao. Wa mbele kwenye foleni waliamini ni fidia ya malisho. Wa katikati waliamini ni mablanketi. Wa nyuma waliamini ndege ikishatengenezwa inapeleka watu Canada, na hao ndio waliosukumana zaidi. Mmoja aliandikisha babu yake kipofu. Mmoja aliandikisha mapacha waliokuwa bado tumboni, akanipa na majina, ikiwa ni wa kiume na ikiwa ni wa kike. Na mimi mwenyewe, majeruhi pekee, nikasahau kujiandika.

Mama alifika wa mwisho. Nikamnong'oneza, "Mama, rudia nyumbani. Hii haiko kitu."

"Andika baba yako."

"Mama, ni ajali ya avio. Baba hakukuwa mu avio."

Akanitazama. "Weye unajua fasi alikuwa?"

Nikamwandika wa thelathini na saba: jina lake lote, jina lake la utani la mpirani, kijiji chake, na mtemi wake. Mama alisimama mpaka nikamaliza, akaniambia nirekebishe herufi moja, akaenda zake ameridhika. Mwandishi akapanda kilimani kutafuta mtandao, akaisomea redio orodha yote kwa simu mpaka betri ikafa. Hakupata muda wa kueleza ni orodha ya nini.

Nawahurumia kidogo wale wa studio. Majina mengi wanayosomewa kwa simu huwa ni ya namna moja tu. Kesho yake saa saba mchana, kwenye kile kipande cha Kiswahili walichotuwekea sisi wakimbizi, ukapigwa ule muziki wa vifo. Nilikuwa nachambua maharage. Msomaji akasema kwa sauti ya mazishi kwamba ndege ya abiria imeanguka Nakivale, na hawa ndio walioaga dunia. Akaanza. Akasoma wote. Akasoma mapacha, kwa majina yote manne.

Kashojwa iligeuka soko. Huyu anakimbia kuuliza kama amekufa, yule anacheka mpaka anakaa chini. Babu kipofu alisikia kifo chake mwenyewe akaomba apewe maji. Simu zikaanza kulia kutoka Bukavu, kutoka Kampala, kutoka kila kona. Jumapili pasta akawataka marehemu wasimame kanisani wahesabiwe, wakasimama, wengine kwa aibu. Gazeti moja nalo likatoa habari na picha ya ndege yenye madirisha mengi na injini nne, sijui waliiokota wapi. Tukalibandika ukutani.

Lakini kwetu haikuwa kicheko. Kwetu jina lilisomwa kwa muziki wa kifo, na hapakuwa na mtu wa kusimama kanisani aseme niko hapa.

Jioni ile ya tangazo wanawake wa vijiji vya jirani walifika na unga na kuni, vitenge vimefungwa kiunoni, tayari kulia. Waliona ni ajabu: huyu mtu alikuja lini, mpaka akafa kwenye ndege? Lakini jina ni jina. Wa kwanza alipofungua mdomo, mama alitoka na mchi.

"Nani anamulilia bwana yangu? Nani? Rudisheni kuni zenu! Bwana yangu hajakufa! Banasema bongo, banadanganya mu redio!"

Walirudi. Aliketi mlangoni na mchi mapajani mpaka giza lilipoingia. Kisha akanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nangoja. "Weye ndiye uliandika. Wende Mbarara, baseme bwana yangu hayumo. Ukichelewa, kule nyumbani batawasha moto, na nitakuwa mujane kwa ajili ya kalamu yako."

Nililia. Sisemi nilitokwa na machozi, nililia kwa sauti, kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini mguu ulikuwa umevimba, siwezi kupanda boda. Tukangoja uvimbe ushuke.

Siku ya tatu, asubuhi, mtu akapiga hodi.

Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, kofia ya Kiislamu, kanzu iliyopigwa pasi, mfuko wa plastiki mkononi. Akasema ni mfanyabiashara wa dagaa Mbarara, lakini mtu wa kwetu, wa Uvira. Kiswahili chake kilisema hivyo kabla yake. Hakuketi alipokaribishwa. Akauliza kama hapa ndipo kwa fulani, akataja jina la baba, lote, na la utani la mpirani.

Mama akasema, "Ni hapa."

"Nimekuja kuomba musamaha kwa batu yake," yule mtu akasema. "Nilisikia redio."

Mama akafungua mdomo amkemee kama alivyowakemea wengine. Yule mtu akamuwahi. Alizungumza haraka, akitazama chini, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima.

Alisema wakati wa vita alimkuta mwanaume amekaa chini ya mti, amepigwa risasi kiunoni. Mwanaume mrefu. Alikaa naye mchana mmoja na usiku mmoja. Yule mwanaume alimwambia jina lake lote, na la utani, na la kijiji, akayarudia mara tatu, akasema: ukifika fasi banaandika batu, uwaambie. Alfajiri akakata roho. "Nilimufunga macho na mukono huu. Alikuwa baridi. Nilimufunika na majani. Nilikuwa pekupeku, mama, miguu yangu inatoka damu. Nikavua viatu vyake."

Akahamishia mfuko mkono wa pili.

"Vilinibana. Nilikata nyuma kwa kisu. Nilitembea navyo mpaka nikapona. Na nilisema jina lake, mama. Fasi tatu nilisema. Baliandika. Hakuna mutu aliniuliza tena. Sasa redio inasema amekufa wiki hii, Nakivale, mu avio. Tangu siku ile silali. Maana kama alikufa wiki hii, basi siku ile hakuwa amekufa. Basi nilivua viatu mutu muzima, nikamuacha porini. Ni vile nimekuja kuuliza."

Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama na mkono kwenye nguzo ya mlango. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nakifikiria na mimi. Ilikuwa rahisi kabisa. Angesema tu: ndiyo, alikuwa mzima. Au angesema: sijui. Baba angeendelea kuwa mahali fulani, kwenye orodha zake, na huyu muuza dagaa angerudi Mbarara na usingizi wake uliopotea.

"Kamba ilikuwa ya namna gani?" mama akauliza.

"Kamba ya nini, mama?"

"Ya viatu."

Yule mtu akafikiri. "Moja nyeusi. Moja ilikuwa kipande cha kitenge. Njano."

Mama akakaa chini. Alikaa palepale kizingitini. Kisha akamwambia, polepole, kama anayemfundisha mtoto sala:

"Ndugu yangu, lala. Hukumuvua mutu muzima. Redio ilisema bongo. Bwana yangu hakupanda avio hata siku moja. Alikufa siku ile ile, mu mikono yako."

Muuza dagaa akafunika uso kwa kofia yake. Mabega yakatikisika. Alipotulia akasukuma ule mfuko mbele yake, akasema ni deni la miaka. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vipya. Mama akatoa kimoja, akakipima kwa shubiri, kidole gumba kisiginoni, kama alivyokuwa akipima vya baba zamani kabla ya kwenda sokoni. Vilikuwa vidogo vilevile. Yule mtu alivinunua kwa kukumbuka pale vilipombana.

Akanigeukia, bado amekishika. "Wende Mbarara leo. Baambie bale thelathini na sita ni bazima. Baba yako umuache."

Nikaenda, mguu umefungwa skafu ya mzungu, kandambili moja tu. Redio ilikuwa kwenye nyumba ya kukodi upande wa Kamukuzi, ngazi nyingi, na kila ngazi niliilaani. Yule kijana wa tai aliponiona akaingia chooni, hakutoka. Mkubwa wake akaniketisha. Akasema redio haikosei, redio huongezea habari. Nikamwambia mimi nimekuja na mapacha wawili ambao hawajazaliwa na ameshawazika, awaongezee hiyo. Akaniuliza mimi ni nani katika ajali. Nikamwonyesha mguu.

"Ndege ilikuunguza?"

"Mandazi yaliniunguza."

Akaweka kalamu chini. Tulikwenda jina kwa jina. Mzima. Mzima. Kipofu lakini mzima. Bado tumboni. Tulipofika wa thelathini na saba nikasema, "Huyu muache."

"Huyu alikuwa kwenye ndege?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Amekufa. Basi."

Alinitazama, na nafikiri kwa mara ya kwanza siku hiyo alinisikia. Akaandika.

Kesho yake saa saba mchana tulikuwa wote uani: mama, mimi, shemasi aliyeketi mbali kwa adabu, muuza dagaa aliyerudi na gunia la sukari, na wale wanawake waliofukuzwa kwa mchi. Kuni walikuwa hawajazirudisha mbali. Msomaji akasema redio inapenda kuongezea habari yake ya awali. Watu thelathini na sita wako salama. Katika ajali ile ya ndege ya abiria, aliyefariki ni mmoja tu. Akataja jina la baba, lote, na la utani, na kijiji, na mtemi.

Nikaruka. "Washenzi hawa! Ndege gani ya abiria! Nilimwambia hakuwa—"

"Acha," mama akasema. "Basome."

Muziki ulipokwisha akafungua kilemba chake, akakiweka mapajani juu ya viatu, akaanza yeye wa kwanza. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Wanawake wakampokea. Tulimlilia baba siku tatu, kwa unga ulioletwa na watu na sukari ya yule mtu, na kule nyumbani baba zangu wadogo waliwasha moto wao.

Ndege ilichukuliwa na lori, mabawa yamefungwa kamba. Mwezi uliofuata ukaja mgao wa sabuni. Mama alisimama kwenye foleni, nami nyuma yake, viatu vipya vimebaki nyumbani ndani ya mfuko wao. Mwandishi wa mgao alikuwa ametuzoea, alishachoka kubishana naye. Mama akataja jina lake, akataja langu, akanyamaza.

Mwandishi akangoja na kalamu yake. "Na mzee?"

"Huyo balishamuandika," mama akasema, akapokea sabuni mbili.